Mwamba Upo, Mgodi Haupo

Reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda inavuka mto Ugalla na kukatiza miombo kwa kilomita 210. Haikujengwa kwa ajili ya abiria, wala kwa asali na tumbaku. Serikali ya kikoloni iliijenga ili ibebe madini ya risasi na fedha kutoka mgodi wa Mukwamba, uliokuwa mali ya kampuni ya Uruwira Minerals. Treni ilifika Mpanda mwaka 1950, na kufikia mwaka 1960 mgodi ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo mkazi wa Ugalla akiambiwa kwamba nchi yake imelalia madini ya thamani, ana haki ya kuuliza maswali mawili: yapo kweli? Na yakiwapo, yanachimbika? Kwa platinamu, jibu la swali la kwanza ni ndiyo, ila si Ugalla penyewe. La pili ndilo gumu.

Tuanze na mahali inakotoka. Afrika Kusini peke yake hutoa zaidi ya theluthi mbili ya platinamu yote inayochimbwa duniani kila mwaka. Nyuma yake, kwa mbali, wapo Urusi na Zimbabwe, kisha Kanada na Marekani. Mgao huu wa ajabu hautokani na bidii ya watu bali na namna mawe yalivyozaliwa. Takriban miaka bilioni mbili iliyopita, magma nyingi kupita kiasi ilipanda kutoka chini ya ardhi ya Afrika Kusini, ikatulia bila kufika juu na kupoa polepole sana. Mwamba uliotokea huitwa Bushveld. Zimbabwe wana ndugu yake mkubwa kwa umri, Great Dyke, mwamba mwembamba unaoikata nchi kwa urefu wa kilomita kama 550.

Magma ya aina hiyo ikipoa, chembe nzito hutangulia kuzama na kujipanga tabaka juu ya tabaka. Wakati fulani matone ya salfa hujitenga ndani yake, kama mawese yanavyojitenga na maji sufuriani, ila haya huzama badala ya kuelea. Platinamu inapenda salfa kuliko kitu chochote kingine kilichomo humo. Kila tone linalopita huizoa, na matone yakikusanyika katika tabaka moja, hapo ndipo panapokuwa mgodi. Tabaka la Merensky la Bushveld mahali pengi halifikii hata unene wa mita moja, lakini limeenea kwa mamia ya kilomita. Mwenye mgodi anaweza kutabiri kwamba jiwe analolikata leo atalikuta tena kesho na mwakani, na utabiri huo ndio utajiri wenyewe. Kiasi chenyewe kwa kweli ni kidogo: tani nzima ya mawe hutoa gramu tatu hadi sita tu za platinamu na ndugu zake, wakiwamo paladiamu na rodiamu.

Sasa turudi kwetu. Sehemu kubwa ya bonde la Ugalla ni granaiti, mawe ya mchanga na mashapo ya mto. Hayo si makazi ya platinamu, na anayechimba maduara humo kwa kuitafuta anajichosha bure. Lakini ukielekea magharibi, unaingia katika ukanda wa mawe ya kale sana ambao wanajiolojia wameupa jina la Ubende, kwa heshima ya nchi ya Wabende. Ndani ya ukanda huo, karibu na mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini wa milima ya Mahale, kuna mwamba uitwao Kapalagulu. Nao ni mwamba wa matabaka, uliozaliwa na magma iliyopoa taratibu takriban miaka bilioni 1.4 iliyopita. Mjiolojia Mwingereza W. J. Wadsworth aliuandikia taarifa ya kina mwaka 1963. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Goldstream ya Australia iliuchoronga, na baadaye Lonmin, iliyokuwa na migodi huko Bushveld, ikaingia ubia nayo.

Walichokikuta si maneno matupu. Upande wa chini wa mwamba, katika sehemu ya Lubalisi, yapo matabaka yenye salfa na kromiti ambayo yamebeba platinamu na paladiamu. Juu yake kuna udongo mwekundu mzito, uliotokana na mwamba huohuo kuozeshwa na mvua na joto kwa muda mrefu, na udongo huo nao umebakiza sehemu ya madini. Kwa mtafiti hiyo ni habari njema na mbaya kwa pamoja. Udongo huchimbika kwa urahisi, lakini kuitoa platinamu ndani yake ni kazi ngumu kuliko kuitoa kwenye jiwe bichi lenye salfa, kwa sababu salfa iliyokuwa ikiishika imekwisha kuoza, na mitambo ya kawaida ya kuelesha madini kwa povu hutegemea salfa hiyo.

Halafu kuna soko, na hapa ndipo watu wengi hushangaa. Tangu mwaka 2015 dhahabu imekuwa ghali kuliko platinamu, kinyume na ilivyozoeleka zamani. Platinamu nyingi huenda kwenye vifaa vya kusafisha moshi wa magari, hasa ya dizeli. Mwaka huohuo kampuni ya Volkswagen ilinaswa ikidanganya vipimo vya moshi wa magari yake ya dizeli, na Ulaya ikaanza kuyapa kisogo magari hayo. Hivyo uamuzi wa mnunuzi wa gari kule Ujerumani unaweza kuamua kama kilima fulani karibu na Mahale kitachimbwa au kitabaki na sokwe wake.

Sokwe hao si mzaha. Misitu kati ya Mahale na Ugalla ni miongoni mwa makazi yao makavu kabisa barani Afrika, na watafiti wamekuwa wakiwafuata humo kwa miongo mingi. Ongeza umeme, ambao mtambo wa kuyeyusha platinamu huunywa bila kushiba, katika eneo lililoishi kwa majenereta kwa miaka mingi. Bandari ya Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, imelisogeza soko la Kongo karibu, lakini bandari haiyeyushi mawe. Binafsi naona Kapalagulu ina nafasi zaidi ikiuza nikeli na shaba zake pamoja na platinamu kuliko ikitegemea platinamu peke yake. Njia hiyo ndiyo iliyopangwa kufuatwa Kabanga, wilayani Ngara, ambako nikeli ndiyo mwenye nyumba na platinamu ni mgeni mdogo. Afrika Mashariki nzima, mahali panapojulikana kwa kuchimbwa platinamu yenyewe ni Yubdo, magharibi mwa Ethiopia, kuanzia miaka ya 1920, na kiasi chake hakijawahi kutikisa soko.

Je, mchimbaji mdogo mwenye karai lake hana chake hapa? Anacho, na historia iko upande wake. Mwaka 1924 mkulima wa Afrika Kusini, Andries Lombaard, aliosha mchanga wa kijito kikavu shambani kwake, akaona chembe nyeupe nzito zimebaki chini pamoja na vumbi jeusi. Akazipeleka kwa mjiolojia Hans Merensky, naye akafuata kijito kupanda juu hadi kwenye tabaka ambalo leo lina jina lake. Karai lilionyesha njia, lakini halikuwa mgodi: ndani ya mwamba wenyewe chembe za platinamu ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona.

Ndiyo maana nawaonya ndugu zangu wa machimbo ya Katavi. Kitu cheupe kinachong'aa kwenye karai, hasa karibu na Mpanda, kwa kawaida ni galena, yaani yale madini ya risasi ya Mukwamba. Kigonge kwa nyundo: galena hupasuka vipande vidogo vyenye pembe kama dadu, wakati platinamu hubonyea tu. Fedha huyeyuka katika asidi ya nitriki, platinamu haiyeyuki. Na zebaki, ambayo kwanza ni sumu, haiishiki platinamu kirahisi kama inavyoishika dhahabu, kwa hiyo anayeitumia kuitafuta anajiua bila faida. Dalali anayekuambia ameitambua kwa macho, akakupa bei papo hapo, mwache aende.

Sheria nayo haiiachi platinamu nje. Mrabaha wa platinamu ni asilimia 6, pamoja na asilimia 1 ya ada ya ukaguzi, na mgodi mkubwa ukianzishwa Serikali huchukua hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Lakini mpaka sasa hakuna mgodi wa platinamu nchini wa kulipa mrabaha huo.

Ukiokota chembe usiyoielewa, usiiuze wala usiitupe. Ipeleke ofisi ya madini Mpanda, au maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, wakaipime. Na andika kwenye karatasi jina la kijito na upande ulipoiokota, kwa sababu chembe isiyojulikana ilikotoka haimsaidii mjiolojia kitu.