Umeme wa Ndege Ukizimika Usiku Juu ya Kigali

Aliyepata kusafiri katika gari bovu anajua yanayotokea altaneta ikifa njiani: taa hufifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta, honi hukauka, na mwishowe injini nayo huzimika. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa ndege ndogo ikikosa umeme angani huanguka papo hapo kama jiwe. Sivyo hata kidogo. Katika ndege ya pistoni kama Cessna 172, ambayo imefundishia marubani wengi duniani, cheche za kuwashia mafuta hutolewa na vifaa viwili viitwavyo magneto. Hivyo huzungushwa na injini yenyewe, wala havitegemei betri. Mafuta nayo hayahitaji pampu ya umeme ili kuifikia injini, maana matangi yamo mabawani, juu yake. Betri ife isife, pangaboi litazunguka.

Kinachokufa ni macho, masikio na ulimi wa ndege: taa, redio na baadhi ya vipimo. Mchana hilo ni usumbufu tu. Usiku, katika nchi ya vilima, ni jambo jingine.

Kigali si mahali pa kufanyia mzaha. Uwanja wa Kanombe wenyewe uko kwenye kimo cha karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari, na upande wa magharibi wa jiji Mlima Kigali unafikia karibu mita 1,850. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Taa za nyumba hupanda vilima na kupendeza machoni, lakini kilele kisicho na nyumba hakionekani kabisa. Marubani wa usiku wana kanuni moja ambayo hata abiria yafaa aijue: taa ya mbali iliyokuwa mbele yako ikitoweka ghafla, huenda kuna kitu kimesimama kati yako nayo. Panda juu kwanza, uliza baadaye.

Hitilafu yenyewe huanza kimyakimya. Mshale wa mita ya chaji huinama upande wa kutoa, au taa ndogo ya onyo huwaka. Hapo rubani hushika kwanza usukani na kuiweka ndege sawa, kisha hunusa. Kukiwa na moshi au harufu ya waya unaoungua, swichi kuu huzimwa mara moja, maana moto ni adui mkubwa kuliko giza. Pasipo moshi, huzima swichi ya altaneta na kuiwasha tena mara moja tu. Ikikataa, basi. Kuilazimisha fyuzi iliyokwisha kuruka ni kualika moto.

Kuanzia dakika hiyo anaishi kwa akiba ya betri, ambayo ikiwa nzima huweza kudumu kama nusu saa, na ikiwa imechakaa hudumu muda mfupi zaidi. Huzima redio ya pili, taa kubwa ya kutulia na kila kinachokula umeme bila lazima. Kisha hutumia redio iliyobaki kuueleza mnara alipo na anakokwenda, maadamu sauti bado ipo. Halafu hugeuza kuelekea uwanja wa karibu wenye taa.

Kugeuza huko ndiko kugumu kuliko yote. Tarehe 11 Oktoba 1983, huko Illinois, Marekani, ndege ya abiria ya shirika la Air Illinois, kubwa kuliko hizi tunazozizungumzia, iliruka usiku kutoka Springfield kwenda Carbondale, safari ya kama dakika 40. Mara tu baada ya kuruka, jenereta ya kushoto iliharibika, na katika kuhangaika rubani msaidizi akaitenga ile ya kulia iliyokuwa nzima. Springfield ilikuwa nyuma yao, karibu kabisa. Nahodha aliamua kuendelea na safari. Betri zilidumu kama nusu saa, na wote 10 waliokuwamo walikufa. Injini hazikuwa na kosa lolote.

Betri ikiisha, vinabaki vipimo vya kimo na mwendo pamoja na dira, ambavyo havihitaji umeme. Kipimo cha mafuta huweza kuanguka hadi sifuri ingawa matangi yamejaa. Rubani aliyeyapima kabla ya kuruka hatishiki. Abiria wa mbele naye ana kazi: ashike tochi, aielekeze kwenye vipimo, asimmulike rubani usoni, maana macho yaliyopofushwa huchukua hata nusu saa kuzoea giza tena. Na asipige soga.

Mnara nao husema kwa taa. Kijani isiyopepesa humruhusu rubani kutua. Nyekundu isiyopepesa humwambia awapishe wengine na aendelee kuzunguka. Nyekundu inayopepesa humwonya kuwa uwanja si salama. Flapu za Cessna hiyo huendeshwa kwa umeme, hivyo atatua bila flapu, kwa mwendo wa kasi zaidi, na ndege itakimbia mbali kabla ya kusimama. Bahati njema njia ya Kanombe ina urefu wa mita 3,500.

Wanaongoja chini, hasa watoto wanaotaka kumkimbilia baba, wazuiwe. Ndege hiyo haina taa hata moja, na pangaboi lake, ambalo usiku halionekani, bado linazunguka hadi rubani akate mafuta.