Kupanda Liru Msimu wa Tope

Anayetaka kupanda Mlima Liru wa Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, mwezi wa Mei aanze kwa kuuliza habari za vijito. Mvua za huko hukaza kuanzia Aprili, hulegea kidogo katikati ya mwaka, kisha hurudi kwa nguvu Agosti hadi Oktoba. Desemba mpaka Machi ardhi ni ngumu, nyasi zimeungua na mtu anaona anapokanyaga. Lakini likizo haifuati kiangazi, na mlima uliovaa kijani unavutia kweli. Basi watu na wapande, mradi safari ipangwe kuanzia bondeni.

Hatari kubwa iko huko. Asubuhi unavuka kijito maji hayajafika gotini. Alasiri mvua iliyonyesha upande wa pili wa mlima, ambayo hukuiona wala kuisikia, imekijaza mpaka kiunoni, maji mekundu yenye kasi na magogo ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Midia, chini ya mlima, muulize mwenyeji: mvua ikinyesha, watu hurudi kwa njia gani? Kama kuna daraja, safari ipitie darajani hata likiwazungusha saa nzima. Akisema watu hulala ng'ambo mpaka maji yashuke, beba nguo kavu na chakula cha jioni, au ahirisha.

Mvua nyingi za huku huanguka baada ya adhuhuri, jua likishachemsha ardhi. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, na saa tano mgeuke, popote mlipofika. Agosti 2020, hapo Arua, radi iliua watoto 10 waliokuwa wamecheza mpira kisha wakajikinga ndani ya kibanda. Mti uliosimama peke yake hauna kinga, kibanda hakina, na kilele ndicho mahali pabaya kuliko pote. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mnashuka. Sijawahi kusikia hoja ya kunishawishi vinginevyo.

Wapandaji wengi hufurahia kuacha njia na kujitafutia yao. Katika vilima vya Koboko, kuacha njia huku chini maana yake ni kuingia shambani mwa mtu, tena wakati karanga na maharage ndiyo kwanza yamechipua. Tuta bichi likikanyagwa, maji ya mvua inayofuata hupita hapo hapo na kuondoka na udongo. Pitieni kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), mwombe kijana wa kuwaongoza, na mlipeni. Salimieni wazee pia, muwaeleze mnakokwenda. Simulizi za Walugbara, ambazo mwanaanthropolojia John Middleton alizikusanya alipoishi kwao kati ya 1949 na 1952, zinamhusisha shujaa Jaki na Liru, na mwenzake Dribidu na Mlima Wati wa Terego. Mlima wenye mambo hayo haupandwi bila hodi.

Juu ya mashamba, penye njia, piteni katikati ya tope lake. Ukilikwepa pembeni unaipanua njia. Pasipo na njia, tawanyikeni, maana watu sita wakifuatana kwenye nyasi mbichi wameshachora mfereji. Huko Vermont, Marekani, theluji inapoyeyuka, watu huombwa wakae mbali na njia za milimani mpaka mwishoni mwa Mei ili udongo ukauke. Sisi hatuna utaratibu kama huo, kwa hiyo kila mmoja ajizuie mwenyewe.

Gambuti zinafaa bondeni, ila mwambani zinateleza. Vaa viatu vyenye meno, na kabla ya kukanyaga jiwe kwangua soli kwa kijiti: udongo mwekundu huganda na kujaza meno yote, na hapo kiatu kizuri hakina tofauti na sabuni. Mkongojo wa kupimia maji usikose.

Kando ya mito ya West Nile unaweza kukuta vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi. Ni mitego ya mbung'o, imetiwa dawa, na imechangia kazi iliyofanya Shirika la Afya Duniani lithibitishe mwaka 2022 kwamba malale ya aina ya gambiense si tatizo la afya ya umma tena nchini Uganda. Usiguse, usiondoe. Rangi hiyo huwavuta mbung'o, basi shati la buluu libaki nyumbani.

Limebaki la usafiri. Barabara ya lami kutoka Arua hadi Koboko haina shida, lakini njia za udongo zikilowa boda boda hazipiti. Patana na dereva mkutane kwenye lami, umpe namba ya mwenyekiti, na umwambie saa ambayo, asipowaona, ampigie.