Kuku-mwitu Mwekundu na Kuku-mwitu wa Kijivu

Wanaosema kuku wa kufugwa ametokana na kuku-mwitu mwekundu wa Asia wanasema kweli, ila si kweli yote. Charles Darwin naye, katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu viumbe wanaofugwa na mimea inayolimwa, alishikilia kwamba asili ya kuku ni ndege huyo peke yake. Lakini jamaa yake, kuku-mwitu wa kijivu, amechangia damu pia, na ushahidi uko miguuni.

Mwekundu (Gallus gallus) ameenea kuanzia kaskazini na mashariki mwa India, kupitia Myanmar, Thailand na kusini mwa China, hadi Indonesia. Wa kijivu (Gallus sonneratii) hapatikani nje ya India. Makao yake makuu ni misitu ya Western Ghats. Wote wawili hushinda chini wakichakura majani makavu kutafuta mbegu na wadudu, na jioni hupanda mitini kulala.

Jogoo mwekundu ana manyoya marefu ya shingo, ya rangi ya dhahabu na machungwa, na mkia mweusi unaometa kijani. Ukimwona pichani utadhani ni jogoo wa kienyeji. Wa kijivu anafaa kutazamwa kwa karibu. Shingo yake nyeusi imejaa madoa meupe na ya manjano, na doa lenyewe si rangi tupu: uti wa unyoya umepanuka hapo ukawa kibapa kigumu kinachong'aa, kama tone la nta lililoganda. Uzuri huo ulimponza. Wavuvi wa Uingereza waliyatafuta sana manyoya hayo ili kutengenezea chambo bandia cha samoni, na ndege wengi wakauawa. Leo analindwa na sheria ya wanyamapori ya India ya mwaka 1972.

Kwa mitetea, tazama kifua: wa kijivu ana kifua cheupe chenye kingo nyeusi kwenye kila unyoya, mwekundu ni kahawia tu. Jogoo mwekundu hupiga mabawa kisha huwika kama wa nyumbani, ila humalizia ghafla. Wa kijivu hapigi mabawa, na mlio wake umekatikakatika.

Sasa miguu. Majina yasikuchanganye: mwekundu ndiye mwenye miguu ya kijivu, na wa kijivu ana miguu ya manjano au iliyoiva wekundu. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba jeni inayowapa kuku wa kufugwa ngozi ya manjano haikutoka kwa mwekundu. Inafanana mno na ya kuku-mwitu wa kijivu. Kwa kawaida kimeng'enya fulani huvunja rangi ya manjano inayoletwa na mahindi na majani mabichi. Kwa kuku wenye jeni hiyo, kimeng'enya hicho hupungua ngozini, na rangi hubaki. Lazima kifaranga airithi kwa baba na kwa mama. Ndiyo sababu wazazi wenye miguu myeupe huweza kuangua kifaranga wa miguu ya manjano. Na kuku asiye na jeni hiyo, hata umlishe mahindi ya njano mwaka mzima, miguu yake haibadiliki.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya urithi wa kuku bado ni ya mwekundu, na sasa deni hilo linamrudia vibaya. Kuku wa vijijini huingia msituni wakazaliana naye, na damu yake ya asili inazidi kuchanganyika. Kwangu mimi hatari hii ni kubwa kuliko mtego wa mwindaji, kwa sababu msitu huendelea kuonekana umejaa ndege huku ndege wa asili akitoweka. Dalili moja ya usafi ipo. Baada ya msimu wa kuzaliana, jogoo halisi wa porini hupukutisha manyoya ya dhahabu shingoni, huota mafupi meusi, na upanga wake husinyaa. Asiyebadilika hivyo, huenda ana damu ya kufugwa.