Ukanushi na Neno "Bado" katika Elimu ya Mantiki

Mantiki iliyopokewa tangu zama za Aristotle hufundisha kwamba ama kauli ni kweli, ama kinyume chake ni kweli, wala hapana njia ya tatu. Mwaka 1908 mwanahisabati wa Uholanzi, L. E. J. Brouwer, aliitilia shaka kanuni hiyo. Kwa rai yake, kauli ya hisabati ni kweli pale tu inapothibitishwa. Na kuikanusha ni kuonyesha kwamba uthibitisho wake hauwezekani kabisa. Mwanafunzi wake, Arend Heyting, alizipanga kanuni za mantiki hiyo mwaka 1930.

Maana ya kanuni hizo ilielezwa kwa njia nyepesi na Saul Kripke wa Marekani, katika makala iliyotoka mwaka 1965. Msomaji na alifikirie daftari la karani wa bandari. Kila hatua ya maarifa ina ukurasa wake, na lililokwisha kuandikwa halifutwi. Katika ukurasa wa kwanza hapana habari yoyote ya jahazi linalongojwa. Baada yake zaweza kufuata kurasa mbili: mmoja wasema limefika, wa pili wasema limezama. Kauli hukanushwa katika ukurasa pale tu ambapo haipo katika ukurasa huo, wala haitakuwapo katika wowote uwezao kuufuata. Basi katika ukurasa wa kwanza "limefika" haliandikwi, kwa kuwa halijathibitika. Wala kinyume chake hakiandikwi, kwa kuwa huenda likafika.

Hapo mfasiri wa Kiswahili yampasa ajihadhari. Lugha yetu ina "halijafika" na "halitafika kamwe", na ukanushi wa Brouwer ni huu wa pili. Anayeutafsiri kwa "halijafika" hukosea mara mbili. Kwanza, "limefika au halijafika" ni kweli katika kila ukurasa, na kanuni iliyotolewa mlangoni hurudi dirishani. Pili, "halijafika" la leo laweza kufutwa kesho, na daftari halikubali kufutwa.

Faida ya daftari hilo huonekana katika ukamilifu. Kila kithibitikacho kwa kanuni za Heyting ni kweli katika kila ukurasa wa kila daftari la namna hiyo. Kripke alithibitisha na upande wa pili: kilicho kweli katika madaftari yote chathibitika kwa kanuni hizo. Kwa hiyo, kisichothibitika hakikosi daftari la kukipinga. Daftari la jahazi, lenye kurasa tatu tu, latosha kuonyesha kwamba kanuni ya kukataa njia ya tatu haipatikani kwa Heyting.

Basi neno moja la ukanushi likichaguliwa vibaya, mwanafunzi hufundishwa mantiki ile ile ya kale kwa jina jipya.