KABLA YA KUJENGA, ITAZAME SURA YA NCHI

Mkulima wa skimu, shamba lako halikuja peke yake. Lilikuja pamoja na mto ulio chini yake, barabara iliyo juu yake, bwawa lililoachwa na mwenye shamba wa zamani, josho la ng'ombe, na safu ya miti iliyopandwa kuzuia upepo. Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalikatwa vipande, na katikati ya vipande hivyo paliachwa mahali pa shule, pa josho na pa maduka. Mahali pale pa maduka palikuwa na vibanda viwili vitatu. Leo mara nyingi pana mji mdogo, na kila mwaka mji huo watoka mahali pake na kuingia mashambani.

Jambo hili si baya lenyewe. Vijana wataka nyumba, wauza maziwa wataka mahali pa kupozea maziwa, wagonjwa wataka zahanati iliyo karibu. Swali si kama kutajengwa au hakutajengwa. Swali ni wapi, na jengo la namna gani. Makala hii yaeleza njia ya kuitazama nchi inayozunguka kijiji chako, upate kujua ni sehemu gani itavumilia majengo mapya, na ni sehemu gani itaharibika upesi. Kazi hii haitaki vyombo vya bei kubwa. Yataka miguu, macho, karatasi, penseli tatu za rangi, na watu wanaoijua nchi.

SURA YA NCHI NI NINI?

Watu wengine hudhani kwamba sura ya nchi ni uzuri wake tu, yaani mlima unaopendeza macho. Hiyo ni sehemu moja. Sura ya nchi ni jinsi vilima, mabonde, maji, udongo, miti, mashamba, njia na nyumba vilivyokaa pamoja, na jinsi vinavyosaidiana. Ukikigusa kimoja, kingine hutikisika.

Ili kujua kama sehemu fulani ni nyepesi kuharibika, uliza mambo mawili. La kwanza: sehemu hii ina thamani gani kwetu? La pili: jengo hili likiwekwa hapa, litabadili nini? Mahali penye thamani kubwa na pepesi kubadilika ndipo pa kulindwa sana. Mahali penye thamani ndogo, tena pagumu kubadilika, ndipo pa kujenga kwanza.

Angalia pia kwamba jibu hubadilika kwa kadiri ya jengo. Mgongo wa kilima huweza kuvumilia nyumba tano za chini zilizozungukwa na miti, lakini mlingoti mrefu wa simu juu ya mgongo huo huo utaonekana maili nyingi. Kando ya barabara kuu duka halina neno, lakini kituo cha petroli juu ya kisima cha watu ni hatari. Kwa hivyo usiulize tu, "Je, hapa panafaa kujengwa?" Uliza, "Hapa panafaa kujengwa nini?"

ZUNGUKENI PAMOJA

Kamati ya kijiji ichague siku mbili. Siku moja iwe wakati wa kiangazi, na ya pili iwe katikati ya mvua ndefu, kwa kuwa nchi ile ile huwa na sura mbili. Bonde lililo kavu mwezi wa Februari laweza kuwa ziwa mwezi wa Mei, na mnunuzi wa ploti aliyekuja Februari hatajua.

Katika safari hiyo wawepo wazee waliofika wakati skimu ilipofunguliwa, akina mama wanaoteka maji, wachungaji, na vijana. Kila mmoja anajua jambo ambalo mwingine halijui. Mzee ajua mafuriko yalifika wapi zamani. Mama ajua chemchemi ipi haikauki. Mchungaji ajua njia ya ng'ombe kwenda joshoni.

Chora ramani kwenye karatasi. Igawe nchi katika vipande kwa sura yake, si kwa mipaka ya mashamba: mgongo, mteremko, bonde, tambarare, bwawa na majani yake, kando ya barabara. Halafu katika kila kipande ulizeni maswali sita.

MASWALI SITA

1. Maji. Maji ya mvua yapita wapi, na huenda kwa nani? Usijenge juu ya njia ya maji hata kama ni kavu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na magogo na udongo katika mfereji wa chini ya reli, katika eneo la Kijabe, yalifumuka yakateremka mpaka Mai Mahiu, yakaua watu zaidi ya 40. Maji hukumbuka njia yake.

2. Udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, nao huzipasua kuta. Katika tambarare za Kinangop maji hukaa juu ya ardhi kwa muda mrefu, na choo cha shimo hujaa maji kutoka chini. Chimba shimo la urefu wa mtu wakati wa mvua, uache siku mbili. Maji yakiingia, usijenge nyumba nyingi hapo. Tena choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini.

3. Mteremko. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaopita asilimia 35, kwa sababu udongo wake huchukuliwa na mvua. Paa la mabati na uwanja mgumu huongeza maji yanayoteremka, basi mteremko wa namna hiyo si mahali pa kukata ploti.

4. Ubora wa shamba. Udongo mzuri, mwekundu na wenye kina, ulio kando ya barabara ndio unaotafutwa na wajenzi, na ndio huo huo unaoota viazi na kabeji. Ukifunikwa kwa saruji haurudi. Kama kuna sehemu yenye mawe au udongo mwembamba iliyo karibu, majengo yaende huko.

5. Viumbe na miti. Katika majani mafupi ya Kinangop kuna ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, aitwaye na wataalamu Macronyx sharpei. Haonekani mahali pengine duniani ila Kenya, naye yumo hatarini kwa sababu majani yake yanalimwa. Ziwa Ol Bolossat, unakotoka mto Ewaso Narok unaopita katika maporomoko ya Thomson karibu na Nyahururu, liliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 2018. Mkulima anayeishi karibu na mahali kama hapo anatunza kitu cha watu wengi walio mbali naye.

6. Macho na kumbukumbu. Simama penye shule, penye soko na penye barabara kuu. Unaona nini? Ni kilima kipi ambacho watu hukitazama kujua kama mvua inakuja? Makaburi yako wapi? Mti wa mikutano uko wapi? Mambo haya hayana bei sokoni, lakini yakipotea watu huhisi kwamba kijiji si chao tena.

JINSI YA KUPIMA MTEREMKO

Chukua kamba ya mita 10, vigingi viwili na pimamaji ya fundi. Piga kigingi kimoja juu na kingine chini. Funga kamba chini kabisa ya kigingi cha juu, uivute mpaka kigingi cha chini, uinyoshe sawasawa kwa pimamaji. Sasa pima urefu kutoka kamba mpaka ardhini penye kigingi cha chini. Ukiwa mita 1, mteremko ni asilimia 10. Ukiwa mita 2, ni asilimia 20. Ukiwa mita 3 na nusu, ni asilimia 35. Andika namba hizo kwenye ramani yenu.

RANGI TATU

Baada ya maswali, tieni rangi. Nyekundu ni sehemu isiyovumilia majengo: njia ya maji, chemchemi, kando ya bwawa, mteremko mkali, makaburi. Manjano ni sehemu inayoweza kuvumilia majengo machache, kwa masharti: yawe ya chini, miti ya upepo isikatwe, maji ya paa yaingie tangini au mferejini. Kijani ni sehemu ya kujenga kwanza: nafasi zilizobaki wazi ndani ya senta, nyuma ya maduka yaliyopo, na udongo mgumu uliokauka vizuri.

Mkianza kutia rangi mtaona ugomvi. Mwenye shamba lililotiwa nyekundu atasema kwamba mnamnyima mali. Msimfukuze mkutanoni. Mwonyesheni shimo lililojaa maji na namba ya mteremko. Sababu inayoonekana kwa macho hupunguza maneno, tena huonyesha kwamba rangi haikutiwa kwa chuki.

TUSEME KIJIJI NI HIKI

Tuseme kijiji kiko juu ya mgongo, barabara yapita katikati, upande wa mashariki kuna bonde lenye bwawa, na upande wa magharibi kuna uwanja wenye mawe. Wajenzi wote wataka upande wa mashariki, kwa kuwa bwawa lapendeza na udongo ni laini. Kamati ikiuliza maswali sita yaona kwamba vyoo vya mashariki vitamwaga uchafu bwawani, na ng'ombe watakosa njia ya kufika majini. Upande wa magharibi hauna maji wala udongo wa kulima. Gharama yake ni kuvunja mawe tu. Basi mashariki patiwe nyekundu, na magharibi kijani. Mjenzi atatoa jasho zaidi siku ya msingi, lakini kijiji kizima kitakunywa maji safi.

HESABU YA EKARI MOJA

Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Ukikata ploti nane umetumia 40,000, na zilizobaki hazitoshi ila kijinjia chembamba. Ekari moja iliyokuwa na ng'ombe wawili sasa ina mapaa manane, vyoo vinane na mashimo manane ya takataka. Jirani naye akikata yake, vinakuwa kumi na sita. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kujenga mji juu ya chemchemi, lakini mji umejengwa. Kwa hiyo msipime jengo moja moja. Pimeni jengo pamoja na yale yatakayolifuata.

Tena kumbuka kwamba fedha za ploti huja mara moja, na maziwa huja kila asubuhi. Kabla ya kuuza, kaa na mke wako na watoto wako muandike hesabu hizo mbili kwenye karatasi moja.

SHERIA NA SAUTI YENU

Kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, kuuza au kukata shamba la kilimo kwahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi. Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, mtu anayetaka kujenga au kugeuza shamba kuwa ploti za nyumba lazima apate ruhusa ya serikali ya kaunti. Miradi mikubwa huhitaji pia kupimwa kwanza na kupata leseni ya NEMA, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mkienda mbele ya maofisa na ramani yenye rangi tatu na namba za mteremko, maneno yenu yatakuwa na uzito kuliko kelele.

Kinangop yenyewe yatoa funzo. Palikusudiwa kujengwa mitambo 38 ya umeme wa upepo, ya jumla ya megawati 60.8. Ugomvi ukazuka kati ya mradi na wakazi, mtu akapoteza maisha mwaka 2015, na mwaka 2016 mradi ukaachwa. Umeme ni kitu chema, na upepo wa Kinangop ni mwingi. Lakini mashauri ya mahali pa kuweka mitambo mikubwa yafaa kumalizwa na wenyeji mapema, wakati kazi ingali kwenye karatasi. Ni rahisi kusogeza alama ya penseli kuliko kusogeza msingi wa zege.

Basi, ndugu mkulima, usingoje mnunuzi aje na gari lake. Peleka neno hili kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa chifu, ombeni afisa wa kilimo na afisa wa mipango wa kaunti wawepo siku ya kuzunguka, na anzeni na sehemu iliyo karibu na maji. Ramani ikiisha, itundikeni mahali pa wazi: ofisini kwa chifu, penye mizani ya maziwa, au shuleni. Kila baada ya miaka miwili itazameni tena, kwa kuwa nchi hubadilika na watu huongezeka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kijiji huonekana siku ile nyumba ya kwanza inapowekwa mahali pasipofaa.