Kuitazama Bustani ya Hammamet

Msomi wa lugha anapokabiliwa na picha ya kisasa, swali lake la kwanza huwa: ‘Hiki ni kitu gani?’ Swali hilo si kosa, lakini halitoshi. Tuchukue mfano wa picha ya rangi za maji ya mji wa Hammamet, aliyoichora Paul Klee mwaka 1914 alipozuru Tunisia pamoja na wachoraji wenzake, August Macke na Louis Moilliet. Picha yenyewe ni ndogo, kadiri ya sentimita 20 kila upande.

Sehemu ya juu haina utata: msikiti na minara hutambulikana. Sehemu ya chini ndiyo bustani, na hapo mtazamaji hukwama, kwani haoni jani wala ua, ila vipande vya rangi vilivyopakana, vyekundu, vya waridi na vya kijani. Je, mchoraji alishindwa kuchora vitu kama vilivyo? La hasha, huko juu amekwisha kuonyesha kwamba anaweza. Alichofanya ni kuiachia rangi kazi ya umbo. Kipande cha kijani hakiwakilishi mti fulani. Hupata nguvu kutokana na wekundu ulio jirani yake, kama neno lipatavyo maana katika muktadha.

Jambo hili latuhusu sisi tufundishao ushairi. Mabishano juu ya mashairi yasiyo na vina, yaliyopamba moto baada ya Kichomi cha E. Kezilahabi (1974), mara nyingi yalikuwa na kasoro hiyo hiyo: kuhesabu kilichokosekana kabla ya kukisoma kilichopo.