Ndia Kuu si kosa la tahajia

Kila likizo inapowadia, mabasi na treni hufurika wageni waelekeao Mombasa. Wanafunzi hupelekwa na shule zao, walimu huandamana na jamaa zao, na kila mmoja hurudi na picha. Huyu amesimama chini ya pembe za ndovu za Moi Avenue, yule ameegemea mzinga ndani ya Fort Jesus, na wa tatu amepanda ngamia ufuoni. Ukiwauliza, watakwambia kwamba wameiona Mombasa. Sina ugomvi na picha zao. Hata hivyo, naamini kwamba kivutio kikubwa kuliko vyote katika mji huo hakipigiki picha. Kivutio hicho ni lugha ya wenyeji, na aghalabu mgeni hupita kando yake bila kukisikia.

Tuanze na ngome, kwani huko ndiko kila mgeni aendako. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia 1696 na kuitwaa mwaka 1698. Waingereza nao waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na hatimaye ikawa makumbusho. Mwaka 2011, UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Haya yote mtembeza wageni atakueleza. Lakini muulize pia habari za neno gereza. Wareno waliita kanisa igreja, na ndani ya ngome hiyo walikuwa na kanisa lao. Vinywani mwa Waswahili neno hilo likawa jina la ngome, na ngome zilipotumiwa kufungia watu likawa jina la mahali pa wafungwa. Mwanafunzi anayejua safari ya neno hilo moja ameelewa historia ya pwani kuliko aliyekariri miaka yote niliyoitaja.

Toka ngomeni uingie Mji wa Kale. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko, alipitia Mombasa mwaka 1331 akaandika kwamba chakula cha watu wake kilikuwa ndizi na samaki. Laiti angerudi leo! Asubuhi angekaribishwa mahamri na mbaazi za nazi, adhuhuri biriani na achari, jioni viazi karai na mkate wa mofa, na usiku kahawa chungu inayomiminwa katika vikombe vidogo, kwa kashata au halua. Sahani hizo nazo zina nasaba. Nazi ni neno la Kibantu, hamira inayoumua mahamri ni la Kiarabu, biriani ni la Kiajemi lililopitia Bara Hindi, na chapati ni la Kihindi. Hata leso zinazouzwa Biashara Street zilipata jina lao kutoka kwa Wareno. Mgeni anayekula huku akiuliza hushiba mara mbili.

Karibu na ngome hiyo ndipo inapoanzia barabara maarufu iitwayo Ndia Kuu. Miaka kadhaa iliyopita nilipita hapo na kundi la wanafunzi wangu. Mmoja wao, hodari wa sarufi, alikitazama kibao akacheka. "Mwalimu," akasema, "hata jina la barabara wamelikosea!" Mzee mmoja muuza kahawa alimtazama bila hasira, akajibu: "Hapana kosa hapo, mwanangu. Sisi twaiita ndia tangu hapo."

Jibu la mzee yule ni somo zima la isimu. Hicho ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Panapo nj katika Kiswahili sanifu, Kimvita mara nyingi huwa na nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Panapo ch, mara nyingi huwa na t: macho ni mato, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga. Huo ni utaratibu, na penye utaratibu hapana uzembe. Isitoshe, sikio la mwenyeji husikia tofauti ambazo maandishi yetu hayazionyeshi. Paa, mnyama wa mwituni, hutamkwa kwa pumzi. Paa la nyumba hutamkwa bila pumzi. Wengi wetu tuliojifunza Kiswahili vitabuni hatuzitofautishi sauti hizo, na bado tunajiona mahakimu wa Kiswahili cha Mombasa.

Hukumu hiyo ilianzia wapi? Mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, alitunga kwa lahaja hii. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alijifunza Kiswahili hapo, na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882 iliegemea Kimvita. Kisha mwaka 1928 ukafanyika mkutano wa kuteua lahaja moja ya kusanifishwa kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki. Kiunguja kilichaguliwa, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kuenea bara pamoja na misafara ya biashara. Ajabu ni kwamba mkutano huo uliofanya Kimvita kukosa kiti ulifanyika papo hapo Mombasa.

Simlaumu aliyechagua. Lugha ya mitihani, magazeti na mahakama yahitaji kipimo kimoja, na Kiswahili sanifu kimetuunganisha. Ninachokataa ni dhana iliyozaliwa baadaye, kwamba kisicho sanifu ni kibovu. Kiunguja na Kimvita ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alipelekwa shule, mwingine akabaki nyumbani. Tangu lini aliyebaki nyumbani akawa si mtoto?

Madhara yake yapo madarasani. Baadhi ya wanafunzi wangu watokao Mombasa wamenieleza jinsi walivyojifunza kunyamaza katika vipindi vya Kiswahili. Mtoto anaandika mtele kama asemavyo bibi yake. Kalamu nyekundu inapita, bila neno la maelezo. Anachokielewa ni kwamba bibi yake hajui Kiswahili. Ni kinaya kilichoje kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiswahili akiogope, ilhali sisi wa bara tuliokipata ukubwani tunakisema kwa mbwembwe! Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili mgeni amekuja, na mwenyeji amezidi kuugua.

Hata utingo wa matatu anapoita abiria wa Changamwe, Jomvu na Mtwapa, anataja mataifa ya kale ya mji huu, yale kumi na mawili yagawanyikayo katika Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Kilindini, tunayoijua kama bandari, ni jina mojawapo, na neno kilindi ni maji yenye kina kirefu. Majina haya twayasikia kila siku, lakini ni wangapi kati yetu tumepata kumweleza mwanafunzi maana yake?

Basi, mwalimu mwenzangu, utakapopeleka wanafunzi Mombasa, waache wapige picha zao. Lakini mpe kila mmoja daftari, aandike maneno kumi aliyoyasikia sokoni, feri ya Likoni au barazani, ambayo hayajui au yanamshangaza. Amwombe mzee, kwa adabu na baada ya salamu, amfafanulie. Mrudipo, muda wa kipindi kimoja uwe wa kulinganisha maneno hayo na ya sanifu. Nanyi mnaofundisha huko huko pwani, mkikutana na mato katika insha, elekezeni kwenye macho kama mtihani utakavyo, kisha andikeni pembeni neno moja: Kimvita. Mtoto atajua kwamba amebadilisha lahaja, na kwamba bibi yake hakukosea.